Mrushaji wa miaka 10: abaki U10 au apande U12?

Swali: Binti yangu alitimiza miaka 10 mwezi Machi. Ni mrushaji katika timu ya U10 ya softiboli (mchezo wa jamii ya besiboli), na kasi yake ni kama kilomita 64 kwa saa. Ni mrefu kuliko wenzake, na wapigaji wengi wanaondoka bila kuugusa mpira. Kocha wa U12 anamtaka msimu ujao. Mume wangu anasema apande, kocha wake wa sasa anasema abaki. Tumsikilize nani?

Jibu: Mama, kwa maelezo uliyotoa ningemwacha U10 msimu mmoja zaidi, na wakati huohuo angeanza kujizoeza umbali wa U12. Ila urefu wake na kasi yake, vitu viwili vilivyomvutia yule kocha, havitoshi kuamua upande wowote. Kinachoamua ni mirusho mingapi kati ya kumi inapita eneo la straiki (nafasi halali ya mrusho, juu ya pleti, kati ya magoti na kifua cha mpigaji) akiwa amesogezwa nyuma, ameshika mpira mkubwa zaidi, na mwili umeanza kuchoka. Hilo hamjalipima, na mnaweza kulipima wenyewe.

Tuanze na kanuni ya umri, maana wazazi wengi huteleza hapo. U10 haimaanishi mtoto ambaye hajafika miaka 10. Ni mtoto ambaye siku ya ukomo iliyowekwa na ligi alikuwa na miaka 10 au pungufu. Ligi nyingine huhesabu umri wa tarehe 1 Januari, nyingine wa 1 Septemba. Kwa ukomo wa Januari, binti yako atakuwa bado na miaka 10 Januari ijayo, hivyo mwaka mzima unaofuata ni halali yake kucheza U10. Kwa ukomo wa Septemba, Septemba hii atahesabiwa miaka 10, na Septemba ya mwakani atahesabiwa 11. Hapo ndipo U12 itakuwa lazima. Kwa vyovyote vile ana msimu mwingine mzima mbele yake, na hakuna anayewaharakisha isipokuwa huyo kocha. Kwa kawaida mtoto anaruhusiwa kucheza na wakubwa wake, lakini akishavuka umri harudi kwa wadogo. Tena mashindano mengine hayaruhusu jina moja kuwa katika orodha za timu mbili. Ulizeni hilo kabla hamjatia saini popote, kwa sababu mtoto anaweza kupandishwa kwa majaribio kisha mkakuta hana ruhusa ya kurudi timu yake ya zamani katikati ya msimu.

Sasa uwanja wenyewe. Katika kanuni zinazotumiwa na ligi nyingi za Marekani, mrushaji wa U10 husimama mita 10.67 kutoka pleti ya nyumbani (kibao cha chini anaposimama mpigaji), yaani futi 35, na hutumia mpira wenye mzunguko wa sentimita 27.9, ule unaoitwa wa inchi 11. U12 ni mita 12.19, futi 40, na mpira wa sentimita 30.5, ule wa inchi 12. Kuanzia U14 umbali ni mita 13.11, futi 43, na mpira haubadiliki tena. Huo ndio umbali wa wanawake wa vyuo vikuu na wa mashindano ya kimataifa. Vipimo vyote huchukuliwa kutoka ukingo wa mbele wa ubao wa mrushaji hadi ncha ya nyuma ya pleti. Ligi yenu ikiwa na vipimo vyake, fuateni hivyo.

Angalia basi kinachotokea kati ya U10 na U12: umbali unaongezeka kwa mita moja na nusu, na mpira unakua kwa wakati mmoja. Kutoka U12 kwenda U14 ni chini ya mita moja tu, kwa mpira uleule aliouzoea. Ndiyo maana hatua hii ya kwanza huwaangusha warushaji wengi kuliko ile ya pili, na ndiyo maana haifai kuichukua kwa kukisia.

Hesabu inaonyesha vizuri zaidi. Mrushaji wa umri wake huuachia mpira kama mita 1.5 mbele ya ubao. Kwa kilomita 64 kwa saa, kwenye U10 mpira unamfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.52. Kwenye U12, kwa kasi ileile, ni sekunde 0.60. Kwa hiyo wapigaji wakubwa zaidi, wenye macho yaliyozoea, watapata muda mrefu zaidi wa kuusoma mpira wake kuliko wanaoupata sasa watoto wa miaka 9. Ili awape wa U12 muda uleule anaowapa wa U10, anahitaji kama kilomita 75 kwa saa. Tena mpira ulioachiwa kwa pembe ileile ya sasa utafika karibu robo mita chini zaidi kwa sababu ya huo muda wa ziada wa kuanguka. Straiki ya magotini inageuka kuwa mpira wa kwenye vifundo vya miguu.

Hapo ndipo makosa huzaliwa. Mtoto anaona mipira yake inaanguka mbele ya pleti, na hakuna anayemweleza sababu, basi anatafuta nguvu mahali rahisi: anainama kiunoni na kuusukuma mpira kwa bega. Mzunguko wa mkono unafupika, kiwiko kinakakamaa, na ule mchapo wa mwisho wa kifundo cha mkono unapotea. Mpira ukiwa mkubwa kuliko vidole vyake anaudidimiza ndani ya kiganja, na mpira ulioshikwa hivyo hutoka bila mzunguko. Baada ya miezi mitatu ya namna hiyo umejengeka mtindo mpya mbovu, na kuuondoa huchukua muda mrefu kuliko ulivyochukua kuingia. Nimelikazia hili kwa sababu hii ndiyo hasara kubwa ya kupanda mapema. Mechi mbaya husahaulika wiki ijayo, lakini mkono uliojifunza vibaya hausahau upesi.

Kuhusu wapigaji wanaoondoka mikono mitupu, usiwahesabu hao kama ushahidi. Wapigaji wengi wa U10 hupungia gongo mpira ulio juu ya kichwa au uliotoka nje kabisa, kwa woga au kwa hamu. Wa U12 wengi watauacha upite, na mrusho uleule uliokuwa ukimtoa mpigaji utamsaidia kupata besi ya bure, yaani kwenda kituo cha kwanza bila kupiga. Mtu mmoja akae nyuma ya wavu wa mdakaji katika mechi mbili zijazo, na karatasi yenye mstatili wa eneo la straiki. Kila mrusho autie nukta mahali ulipopita, bila kujali mpigaji alifanya nini. Mkikuta kati ya nukta 60 ni 30 tu zilizo ndani, mnajua kuwa sehemu ya sifa zake ni msaada wa wapigaji.

Baada ya hapo fanyeni kipimo chenyewe. Pimeni mita 12.19 kwa utepe, msikisie kwa hatua. Apashe mwili moto kwa dakika 15, awe na mdakaji halisi aliyechuchumaa, na mtu mwenye kofia ya kinga asimame kwenye nafasi ya mpigaji bila kupiga, maana mtoto akirushia nafasi tupu hulegea na kulenga vizuri kuliko mechini. Arushe mirusho 30 kwa mpira wa sentimita 30.5, kwa mafungu matatu ya kumi, akipumzika dakika tatu baada ya kila fungu kama inavyokuwa kati ya iningi (zamu za timu kupiga). Andikeni kila fungu peke yake. Rudieni siku nyingine mbili, angalau wiki moja kati yake.

Straiki 18 kati ya 30, mara zote tatu, ni dalili kwamba anaweza kujisimamia U12. Kati ya 14 na 17, yuko njiani. Chini ya 14, abaki, na asionyeshwe kuwa ameshindwa, kwani amepimwa kwa kipimo cha wakubwa. Lakini jumla peke yake inaweza kudanganya. Mtoto mwenye 8, 6 na 4 ana jumla ileile ya mwenye 6, 6 na 6, na hawafanani hata kidogo. Wa kwanza anajua kurusha ila mwili haujafika; mechini ataanza vizuri kisha besi zitajaa iningi ya tatu. Wa pili ndiye aliye tayari.

Angalieni pia mipira iliyokosea ilikwenda wapi. Ikiwa yote ni ya chini tangu mrusho wa kwanza, miguu haimsukumi vya kutosha au anauachia mpira mapema. Ikiwa inapaa, anauachia akiwa amechelewa, mkono umeshaipita nyonga, na mara nyingi kichwa na mabega yameegemea nyuma. Ikiwa inakwenda upande mmoja, mzunguko wa mkono hauko kwenye mstari wa kwenda pletini. Mara nyingi nyonga imefunga mapema na mkono unalazimika kuizunguka. Chorea mstari wa chokaa kutoka katikati ya ubao hadi pletini na utazame unyayo wa mguu wa mbele unatua wapi. Ukitua mbali na mstari kwa zaidi ya upana wa unyayo mmoja, mkono hauna namna ya kulenga sawa.

Kipimo cha mkono na mpira ni chepesi. Aushike mpira wa inchi 12 kwa ncha za vidole juu ya mishono, kisha jaribu kupitisha penseli kati ya mpira na ule uwazi wa kidole gumba na cha shahada. Ikipita bila kuusukuma mpira, vidole vinatosha. Isipopita, mkono bado ni mdogo. Kutumia vidole vitatu au hata vinne badala ya viwili hakuna ubaya wowote katika umri huu, mradi mpira usiguse kiganja.

Mwili unaokua unahitaji uangalifu wa peke yake. Watu husema urushaji wa chini kwa mzunguko kamili wa mkono hauumizi bega. Si kweli. Wakati wa kuuachia mpira, nguvu inayolivuta bega hukaribia uzito wa mrushaji mwenyewe, na maumivu hujitokeza zaidi mbele ya bega, ambako kano ya msuli wa mbele wa mkono wa juu hubeba kazi ya kuudhibiti mkono. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kati ya miaka 11 na 13, na kipindi hicho ncha za mifupa bado ni laini. Pima urefu wake kila tarehe ya kwanza ya mwezi kwa alama ya penseli ukutani. Akiongeza sentimita 2 au zaidi ndani ya miezi mitatu, usimpandishe daraja katika kipindi hicho hata kama vipimo vya straiki ni vizuri, kwa sababu miguu na mikono imebadilika urefu na ulengaji utayumba kwa wiki kadhaa.

Idadi ya mirusho ni suala ambalo sitalilegeza. Mwongozo wa madaktari wa michezo wa Marekani kwa watoto wa miaka 8 hadi 10 ni mirusho isiyozidi 50 kwa mechi na 80 kwa siku. Kwa miaka 10 hadi 12 ni 65 kwa mechi na 95 kwa siku. Akirusha siku mbili mfululizo, siku ya tatu asirushe kabisa. Mtoto aliyetimiza 10 juzi ningemwekea kikomo cha kundi dogo, hata akiwa amevaa jezi ya U12. Timu ya U12 yenye mashindano ya Ijumaa hadi Jumapili na warushaji wawili tu itavunja kikomo hicho kabla ya Jumamosi jioni, na mara nyingi kocha anayemsaka mtoto wa miaka 10 kwa bidii ana upungufu huohuo. Akilalamika maumivu mbele ya bega au upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, anaacha kurusha siku hiyohiyo. Maumivu yakibaki baada ya wiki ya mapumziko, aonwe na daktari. Uchovu wa kawaida wa misuli huisha ndani ya siku mbili na huwa mikono yote au miguu, haumchomi mahali pamoja.

Kisha kuna mpira unaorudi. Akishaachia, yuko kama mita 10 kutoka kwa mpigaji, na mara nyingi mguu mmoja bado uko hewani. Mpira uliopigwa kwa kilomita 95 kwa saa unamfikia chini ya sekunde 0.4. Msichana wa miaka 12 mwenye nguvu anaweza kuupiga hivyo. Wa miaka 9 ni nadra. Kinga ya uso yenye vyuma avae kila anaporusha, hata U10, hata mazoezini, wala usikubali kuambiwa inamzuia kuona. Na mjaribu hivi: arushe kama kawaida, na mara tu anapoachia, mtu aliyesimama mita 8 mbele yake amtupie mpira laini wa tenisi kuelekea kifuani. Rudieni mara kumi. Akidaka au kuuzuia kwa glovu mara nane, anamaliza mrusho akiwa tayari kujilinda. Akipata chini ya mara tano, glovu yake inabaki nyuma ya paja baada ya kurusha, na hilo lirekebishwe kwanza, kabla ya jambo lolote lingine katika barua hii.

Kwa upande wa aina za mirusho, asibebeshwe mzigo. Anahitaji mrusho wa kasi anaoweza kuuweka ndani na nje ya pleti, na chenjiapu, yaani mpira wa polepole unaotoka kwenye mkono unaozunguka kwa kasi ileile. Tofauti nzuri ni kilomita 13 hadi 16 kwa saa. Wapigaji wa U12 hujifunza kasi moja ndani ya iningi mbili, kwa hiyo mrushaji asiye na chenjiapu huko huchapwa kila zamu yao ya kupiga inaporudi mara ya pili. Mipira ya kuzama na ya kupaa ingoje hadi mrusho wa kasi uwe imara. Anayekuambia msichana wa miaka 10 anahitaji aina tano anauza masomo.

Zungumzeni pia na kocha wa U12, na maswali yawe ya wazi. Timu ina warushaji wangapi? Binti yetu atapewa iningi ngapi kwa mechi, na ni katika mechi za namna gani? Nani anahesabu mirusho, na nani ana mamlaka ya kumtoa? Akitoa besi za bure tatu mfululizo, utafanya nini? Jibu la swali la mwisho litakueleza mengi. Kocha mzuri atasema ataomba muda, amwendee kwenye duara la mrushaji, amwache amalizie mpigaji mmoja zaidi, kisha ambadilishe bila kelele. Akijibu kwamba watoto lazima wazoee shinikizo, rudi nyumbani. Na ikiwa ana warushaji watatu wa miaka 12 tayari, binti yako atasimama uwanja wa nje na kurusha iningi moja kila baada ya siku nyingi. Mrushaji hukua kwa kurusha mechini. Iningi nne kila wiki U10 zitamjenga kuliko iningi moja ya huruma U12.

Usisahau kwamba mrushaji ana kazi nyingine. Katika U12 wakimbiaji huiba besi kwa uhuru zaidi kuliko ligi nyingi zinavyoruhusu U10, na mpira ukimpita mdakaji mrushaji ndiye anayekimbia kulinda pleti. Mfundisheni hilo mapema, pamoja na kumtazama kwa makini mkimbiaji aliye besi ya tatu.

Mpango wa mazoezi ningeupanga kwa wiki sita, siku moja tu kwa wiki, na isiwe siku inayotangulia mechi. Wiki mbili za kwanza arushe mirusho 20 kutoka mita 12.19 kwa mpira wake wa sasa, ili miguu ijifunze umbali bila mkono kuhangaika na ukubwa. Wiki mbili zinazofuata arudi mita 10.67 kwa mpira mkubwa, mirusho 20, akizingatia vidole. Wiki mbili za mwisho aunganishe vyote, mirusho 25. Kabla ya hapo usibadilishe umbali na mpira kwa pamoja, la sivyo akikosea hamtajua kimekosewa nini. Mirusho hii ihesabiwe ndani ya kikomo chake cha siku. Kasi isipimwe kabisa katika wiki hizi. Mtoto anayetazama namba ya kipimo huanza kuvuta kwa bega.

Kuna hali ambazo ningebadili ushauri wangu na kusema apande sasa: nukta zinaonyesha zaidi ya 60 kwa mia ndani ya eneo, kipimo cha mirusho 30 kimepita mara tatu bila fungu la mwisho kuporomoka, glovu inajilinda, hajaingia katika kipindi cha kurefuka haraka, na kocha ameahidi angalau iningi tatu kwa wiki na kukubali kikomo cha mirusho. Yote kwa pamoja. Na yeye mwenyewe anataka. Muulize akiwa peke yake, si mbele ya baba yake wala kocha, na umuulize hasa kama yuko radhi kuanza kupigwa mipira mingi kuliko sasa. Watoto wengi huitikia "ndiyo" kwa jezi mpya. Swali hilo huwafanya wafikiri.

Akipanda, mechi nne za kwanza aingie iningi ya pili au ya tatu, dhidi ya timu za kawaida, na mdakaji aliyefanya naye mazoezi angalau mara tatu. Iningi mbili zinatosha. Mkiweza, mpate njia ya kati: abaki katika orodha ya U10, afanye mazoezi na U12 mara moja kwa wiki, na acheze nao mechi za kirafiki zisizohesabiwa. Mpelekee kocha wa U12 pendekezo hilo likiwa limeandikwa, pamoja na kikomo cha mirusho na tarehe ya kupima tena baada ya wiki sita.